Mota Tatu za Bwana Kobia

"Na moja ikikataa kuwaka, Mwalimu, tutasema ni kabila gani limekataa?"

Tiya aliuliza hivyo mbele ya hedimasta wake, na papo hapo akajua amejiponza. Mwalimu Marete aliweka kalamu yake nyekundu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Binti yangu," akasema, "wewe una maneno."

Maneno alikuwa nayo, na kwa nini asiwe nayo? Ni yeye aliyekaa wiki tatu na sanduku lile. Mwalimu Mmarekani wa sayansi alipoondoka Isiolo kwa sababu ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini, alimwachia yeye, mwalimu msaidizi wa miaka ishirini, roketi ya karatasi ngumu yenye urefu wa mkono, pamoja na mota za kuirushia. Ndogo zilikuwa nne, unene wa kidole gumba. Kubwa ilikuwa moja tu, nene kama hindi. Ndani ya kila mota mlikuwa na baruti iliyoshindiliwa. Unachomeka kijiwaya chembamba, unakiunganisha na betri, kijiwaya kinapata moto, baruti inashika, roketi inapaa. Kubwa moja ilitosha. Ndogo tatu zikifungwa pamoja zilitosha pia, mradi ziwake zote kwa mpigo mmoja.

Huo "mradi" ndio uliokuwa ukimkereketa Tiya kooni.

Bwana Kobia, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za Jamhuri, alikuja shuleni, akaiona roketi, akafurahi kama mtoto aliyeonyeshwa ngoma. Akaamuru zifungwe ndogo tatu, na kila moja iandikwe jina la kabila: Meru, Borana, Turkana. Wageni waone umoja ukipaa! Tiya aliuliza, "Na Wasomali?" Akajibiwa, "Hao tutaona mwaka ujao." Mzee akapanda gari lake bila kuuliza hata mara moja kitu kile kinawaka vipi.

"Nimejaribu vijiwaya vitatu na ile betri ya lori mara tano," Tiya alimwambia hedimasta. "Mara tatu vimewaka pamoja. Mara mbili kimoja kimechelewa. Betri ni nzee, Mwalimu, inagawa moto kwa upendeleo. Roketi ikisukumwa upande mmoja italala, iende kwa watu. Tutumie ile kubwa."

"Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Hii si chawa, Mwalimu."

Marete alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Sikiza. Ukikataa, Bwana Kobia atauliza kwa nini Mborana hataki umoja. Miaka hii, unataka aulize?"

Tiya hakutaka aulize. Barua ya shule ndiyo iliyomruhusu kukaa mjini. Baba yake alikuwa Merti, amefungiwa na askari ndani ya seng'enge pamoja na wengine, ng'ombe wake wamepigwa risasi mbele ya macho yake. Na baba yule hakuwahi kushika bunduki, fimbo yake tu. Barua hiyo ikichanwa, lori la kwanza la askari lingempeleka Tiya kuko huko.

"Basi soma hapa," akasema, akasukuma mbele kitabu chake cha maandalio ya masomo. Majaribio matano yalikuwa yameandikwa humo kwa mistari iliyonyooka, na chini yake: *Nashauri mota moja kubwa.*

Sasa Marete alikuwa na desturi moja. Hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila wino mwekundu, hata ikiwa ni hesabu ya chaki. Alichukua kalamu, akaandika, *Nimeona. Zifungwe tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa,* akatia sahihi yenye mkia mrefu, akarudisha kitabu.

Jioni ile, nyumbani katika mtaa wa Bulla Pesa, Akoo Abiba, bibi yake, alimtazama mjukuu akipiga unga kama unga umemtukana.

"Kitendawili," Akoo akasema.

"Sitaki vitendawili leo, Akoo."

"Nani amekuuliza kama unataka? Kitendawili!"

"Tega."

"Watatu wamebeba mzigo. Mzigo umeanguka. Amepigwa wa nne."

Tiya alifikiri, akashindwa. "Chukua mji, uniambie."

"Mji gani?"

"Merti."

"Merti siitaki," Akoo akasema. "Mji wa seng'enge nitaufanyia nini? Kaa na ujinga wako."

Akatema mate, kisha akauliza kilichomkera, na Tiya akamweleza yote. Bibi akasikiliza akitikisa kichwa. Katika ujana wake, kwao kaskazini, alikuwa akisimama juu ya visima virefu, ambako vijana hujipanga ndani ya shimo, mmoja juu ya mwingine, na kupokezana ndoo za ngozi mpaka juu.

"Mbona maji hayakuwa yanamwagika?" akauliza. "Kwa sababu waliimba. Wimbo ndio uliofanya mikono yote iende pamoja. Mmoja akikosa wimbo, ndoo inamwangukia wa chini. Hizo mota zenu zinaimba?"

"Haziimbi, Akoo."

"Huyo Kobia wako ni mjinga."

Siku ya Jamhuri, Desemba kumi na mbili mwaka wa sitini na sita, uwanja ulijaa. Wageni walikaa ndani ya hema, sufuria la chai pembeni. Bwana Kobia alitaka kubonyeza swichi kwa mkono wake mwenyewe, akahesabu kwa sauti kutoka tano, akabonyeza.

Mbili ziliwaka. Ya tatu ililala kimya. Roketi iliinuka kimo cha mtu, ikapinda shingo, ikafyatuka kama mbuzi aliyekata kamba, ikapasua hema juu ya vichwa vya wageni, ikatumbukia katika sufuria la chai. Hakuna aliyeumia. Lakini koti la Bwana Kobia lilioga chai kuanzia kola mpaka mfukoni.

"Shifta!" akapiga kelele. "Mkamateni huyo msichana! Ametuelekezea silaha!"

Sajini mmoja akamshika Tiya mkono. Tiya aliona midomo ya watu ikifunguka, lakini haikutoka hata sauti moja ya kumtetea. Hasira ikampanda, ikapita pale ambapo hofu ilikuwa imekaa.

"Fungueni mkia!" akasema. "Mtazame ni ipi haikuwaka!"

Sajini akaitoa roketi katika chai, akaufungua mkia. Mota ambayo haikuwaka ilikuwa na neno MERU, herufi zinachuruzika. Mtu akacheka nyuma ya umati.

"Mnaona!" Kobia akasema. "Ameharibu ya Meru kwa makusudi!"

"Na kama ingekuwa ya Borana ungesema Borana wameasi!" Tiya akajibu. "Mzee, kuna mota yoyote ambayo ingelala, nikabaki salama? Nitajie moja tu!"

Tiya akatoa kitabu kile cha maandalio kwenye kikapu chake kwa mkono uliobaki, akampa sajini. "Soma kwa sauti."

Sajini akasoma polepole: mara tatu pamoja, mara mbili kimoja kimechelewa, nashauri mota moja kubwa. Kisha akasoma maandishi mekundu, mpaka kwenye chawa. Akageuka.

"Mwalimu Marete. Hii sahihi ni yako?"

Marete aliutazama ule mkia mrefu wa wino wake kama mtu anayetazama nyoka aliyemfuga mwenyewe. "Ni yangu," akasema hatimaye. "Binti alisema. Alisema kabla. Mimi ndiye niliyeandika."

Sajini akaachia mkono. Alama za vidole zilibaki. Hakuna aliyesema pole. Bwana Kobia alijipangusa chai, akamtazama Tiya kwa lawama.

"Sasa hiyo kubwa, si ungeifunga tu tangu mwanzo?"

Tiya alitamani kumpiga na kikapu. Badala yake akakausha roketi kwa leso yake, akanyoosha mapezi, akatoa mota kubwa kikapuni, akaichomeka na kijiwaya kimoja.

"Iandike Kenya," Kobia akaamuru.

"Haiandikwi kitu. Ni mota."

Na swichi Tiya akaibonyeza mwenyewe. Roketi ilitoka kwa mlio mmoja, ikapanda wima juu ya hema lililopasuka na juu ya bunduki za askari, mpaka ikawa nukta. Kisha kimwavuli chake kikafunguka, kikashuka taratibu. Akina mama wakapiga vigelegele. Bwana Kobia akakimbilia kipaza sauti. "Umoja wetu umepaa!" Watu wakampigia makofi. Yeye!

Tiya alikunja waya zake, akatembea mpaka Bulla Pesa bila kugeuka nyuma. Akoo alikuwa mlangoni.

"Akoo. Yule wa nne, aliyepigwa."

"Eh?"

"Ni yule aliyesema mzigo utaanguka."

Bibi akaushika ule mkono wenye alama, akausugua kwa kidole gumba. "Umepata. Basi mimi ndiye ninayedaiwa mji. Unataka upi?"

"Nipe Merti," Tiya akasema. "Ukishaondoa seng'enge."