Mtaalamu wa Milipuko wa Castle Vale

Alfayo alikuwa amewasha baruti miaka kumi na mmoja kwenye machimbo ya mawe karibu na Mlolongo, kabla hajaja Birmingham kusukuma vifurushi kwenye ghala. Hiyo kazi ya zamani alikuwa amekaribia kuisahau, mpaka ile Alhamisi dunia ilipoamka na picha ya wingu.

Wingu lilipigwa picha kutoka ng'ambo ya mpaka. Lilikuwa limesimama juu ya milima ya nchi ambayo mwandishi wa habari haingii na raia hatoki. Mlipuko ulisikika mbali sana, na serikali ya huko ikanyamaza kimya. Basi walioko nje wakaanza kusema kwa niaba yake.

Ijumaa, Lennox, mwenzake wa kwaya, alimpigia simu mara tatu. Alfayo alikuwa amelala kwenye kochi nyumbani Castle Vale na viatu mguuni, mgongo unamuuma. Ili aachwe apumzike, alimrekodia ujumbe wa sauti: vumbi lile limepanda kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo baruti ilikuwa nyingi na ilikuwa ardhini, huenda wanapasua mlima wajenge bwawa, huenda ni ghala la silaha limeshika moto. Mwisho akasema, "Lakini mimi sijui, bwana. Niko hapa Castle Vale kama wewe."

Lennox aliyakata maneno hayo ya mwisho, akautuma ujumbe kwenye grupu la kanisa. Jumamosi ulimrudia Alfayo kutoka kwa binamu yake wa Kisumu, umebandikwa kichwa kipya: mtaalamu wa Uingereza athibitisha ni bomu la nyuklia. Kazini, msimamizi wake Jagjit, aliyekuwa ameshaisikia habari hiyo, alimvuta pembeni akamuuliza kama anunue vyakula vya makopo.

"Nunua ukitaka," Alfayo alimjibu. Hakuwa na nguvu ya kueleza.

Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wanaoukodi Washwood Heath, chai ilipoa watu wakibishana. Mmoja alisema ni kombora, mwingine tetemeko, wa tatu aliapa kwamba rais wa kule amekufa na wanamficha. Wakamwita Alfayo asimame.

"Sijui," alisema.

Walicheka. "Ameshazibwa mdomo!" Lennox akapaza sauti, na kicheko kikaongezeka.

Alfayo alichukua kikombe chake akaenda jikoni. Henriette alikuwa peke yake kwenye sinki. Mama huyu alitoka Bukavu miaka mingi iliyopita, na siku zote alikuwa mtu wa maneno machache. Alipomwona Alfayo alifunga bomba, akajifuta mikono.

"Kaka Alfayo, mudogo yangu Djo iko kule."

"Kule wapi, dada?"

"Kule kwenye kulilipuka. Balimupa bourse ya masomo, anasoma udaktari. Mwaka wa tatu sasa."

Alfayo aliweka kikombe chini. Siku nne nzima alikuwa amesikia habari za nchi ile, na hakuna aliyemtajia mtu hata mmoja mwenye jina. Alitoa simu, wakatafuta mji wa chuo cha Djo kwenye ramani yenye barabara chache na majina machache zaidi. Alipima kwa kidole. Kilomita mia tatu hivi.

"Dada, hapo naweza kuapa. Umbali huo hata kikombe hakitikisiki mezani."

Henriette alitikisa kichwa. "Banafunzi, en vacances, wakati ya likizo, banabapelekaka kutumika ku chantier, kule banajengaka. Djo aliandika mwezi uliopita: banabapeleka kujenga barrage." Akamtazama. "Na weye njo ulisema barrage."

Lile bwawa Alfayo alilitoa kichwani tu, akiwa kwenye kochi, ili Lennox aache kupiga simu.

"Nilisema huenda."

"Minajua ulisema huenda. Lakini njo neno nililala nalo siku mbili."

Alfayo angeweza kumwambia halikuwa bwawa, lakini hilo nalo asingekuwa analijua. Alichukua kitambaa akaanza kukausha vikombe, na Henriette akafungua tena bomba. Kutoka ukumbini walisikia hoja ya kombora ikishinda.

Jioni ile Alfayo alirekodi ujumbe mwingine. Alisema hajawahi kuikanyaga nchi ile, hajui lolote, na aliyenao ule wa kwanza aufute. Watu kumi na wanne waliusikiliza. Ule wa kwanza uliendelea kusafiri. Kila siku baada ya zamu, hata akiwa hoi, alimpitia Henriette, wakaandika pamoja barua pepe kwa chuo, ubalozi, na shirika linalotafuta waliopotea. Hakuna aliyejibu.

Siku ya kumi na mbili Djo alipiga simu. Alipewa dakika tatu.

Henriette alimsimulia Alfayo jikoni kwake, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kufurahi. Djo ni mzima. Hawakufika kwenye bwawa; walipelekwa kuvuna viazi. Alipomuuliza kuhusu mlipuko, alimjibu dada yake, "Mulipuko gani, yaya?" Karibu naye mtu mwingine alikohoa. Henriette hakuuliza tena.

"Usibaambie batu," alimwomba Alfayo. "Basianze tena."

"Siwaambii."

Na hakuwaambia, ingawa Lennox alimsumbua wiki mbili kabla hajapata habari nyingine ya kubishania. Kilicholipuka hakikujulikana. Nchi ile haikusema, na walioisemea walikuwa wameshahamia kwingine.

Katika zile dakika tatu Djo alikuwa amesema pia kwamba miguu inamuuma kwa baridi. Jumamosi Henriette alikwenda kununua soksi za sufu, jozi sita, bila kujua kama kuna posta itakayozipokea. Alfayo alitoka kazini akamkuta kituoni, akampokea mfuko. Basi lilichelewa. Walikaa kwenye benchi, kila mmoja na uchovu wake, wakazungumza juu ya namba ya viatu anayovaa Djo.