Macho Makavu Mbele ya Mama

Kwetu binti wa kwanza ndiye anayefungua kilio. Asubuhi ya Jumamosi ya mazishi, mama akishalazwa kitandani, amevikwa kitambaa cha kente na dhahabu za kuazima, binti huyo huingia chumbani mbele ya wanawake wote wa ukoo na kulia, na hapo ndipo wengine hupata ruhusa ya kuangua vilio vyao. Asipolia, hakuna anayeuliza kama ana huzuni au hana. Watu huulizana amemfanya nini marehemu, na jibu wanalo kabla ya swali: kamla. Mchawi atamliliaje aliyemla mwenyewe?

Mama yake Dufie, Maame Achiaa, alifariki Jumatatu moja ya mwezi wa pili. Mjomba Agyapong, mkuu wa ukoo, aliupeleka mwili mochwari na kupanga mazishi baada ya wiki nane, ili ndugu wa Kumasi na wa ng'ambo wajiandae na nyumba ipakwe rangi. Kwetu maiti hana haraka. Dufie alishukuru kimoyomoyo, maana siku hiyo hakuwa na nguvu hata za kunyanyuka mkekani.

Alikuwa binti wa kwanza, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mpika dokono maarufu katika soko la Mampong, mwenye mikono myepesi ya kufunga donge la unga uliochachushwa ndani ya maganda ya mahindi. Ugonjwa ulimwingia taratibu, zaidi ya mwaka kabla ya msiba, mama yake alipopigwa na kiharusi naye akabaki kumuuguza peke yake. Kwanza usingizi ulikimbia. Kisha moyo ukaanza kumdunda bila sababu, yuko tu anafunga dokono, kama vile kuna mtu anamfukuza. Mwisho kila kitu kikawa kizito, hata kuitikia salamu. Majirani walisema ni uvivu wa utu uzima. Watu wana majina mengi ya ugonjwa wasioujua.

Na kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Alfajiri ya siku ya kifo mama yake alimwita mara tatu kutoka chumba cha pili. Dufie alikuwa macho, anasikia, anautazama ukuta. Alitaka kuamka, mwili ukagoma. Alipoweza kujikokota hadi kule, jua lilishatoka na mama alishanyamaza. Tangu siku hiyo, kila aliposikia watu wakimsema mtu fulani kwamba kamla mzazi wake, Dufie aliona ndiye anayesemwa.

Aliyemwokoa ni mdogo wake, Pokuaa, mwenye saluni huko Kumasi. Alipokuja kwa ajili ya shughuli ya wiki moja ya msiba, alimkuta dada yake hajaoga siku sita. Alimwosha, akamvika gauni, akampakia kwenye teksi hadi kliniki, kwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, kijana mwembamba aitwaye Ntim.

"Msiba si ugonjwa, dada," Ntim alimwambia Dufie baada ya kumsikiliza kwa muda mrefu. "Mtu akifiwa analia, anakonda, siku zinamsogeza. Lakini wewe uliacha kula kabla mama hajafa. Huu ni mfadhaiko, na wasiwasi umepanda mgongoni kwake. Dawa yake ipo."

"Dawa ya huzuni?" Pokuaa alidakia. "Havitamfanya zezeta, hivyo vidonge?"

"Zezeta mnaye hapa, anakuja kazini hata Jumapili." Ntim alicheka peke yake, kisha akamgeukia Dufie. "Nisikilize vizuri. Humezi leo ukaamka kesho unacheza. Wiki mbili za kwanza vitakusumbua. Kichefuchefu, mdomo mkavu, usingizi kupotea au kuzidi. Hata wasiwasi unaweza kupanda kabla haujashuka. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki, njoo siku hiyo hiyo. Nafuu itafute wiki ya nne, ya sita. Na usiache mwenyewe, hata ukijiona mzima. Siku ya kuacha ikifika tutapunguza pamoja, kidogo kidogo."

Kijana alisema kweli tupu. Wiki ya kwanza Dufie alitapika kila aliposikia harufu ya unga uliochacha, yeye aliyekulia ndani ya harufu hiyo. Ulimi ulikauka, mikono ilitetemeka, akapiga miayo mchana kutwa na kukodoa macho usiku. "Dawa gani hii inayomalizia kazi ya ugonjwa?" alilalamika. Pokuaa, aliyekuwa ameifunga saluni yake, alimletea uji wa mtama na vijipande vya tangawizi, akamwambia ameze chakula kwanza ndipo ameze kidonge, halafu akakaa mlangoni mpaka ameze vyote viwili.

Wiki ya tatu tumbo lilitulia. Wiki ya tano, asubuhi moja, jirani alimtukana mbuzi wake matusi ya nguoni kwa kula sabuni, na Dufie akasikia mtu anacheka. Alikuwa ni yeye mwenyewe. Siku hiyo aliwasha moto, akapika dokono kidogo, akaipeleka sokoni na kurudi na karai tupu. Moyo haukumdunda njiani. Nakwambia alilala usingizi wa mtoto.

Ila hakuweza tena kulia.

Aligundua hivyo wiki ya sita, kwenye kikao cha mazishi uani kwa Mjomba Agyapong, siku lilipoletwa bango kubwa lenye picha ya marehemu. Pokuaa alijitupa chini. Wajukuu wakaangua kilio. Dufie aliitazama picha, akaona uso wa mama yake, akaupenda, akaukosa, na macho yakabaki makavu kama kokwa. Mkononi alikuwa na karanga, na mdomo ulikuwa unatafuna.

Mama mdogo Frema akamwona. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, mwanamke mwenye mdomo usio na kifuniko, na kwenye misiba ya ukoo ule kazi yake ilikuwa kutazama nani analia na nani anajifanya.

"Ewe Dufie! Wenzako wanagaragara, wewe unatafuna karanga?"

"Nina njaa, mama mdogo."

"Njaa! Mama yake yuko kwenye barafu, yeye ana njaa!" Frema aliwageukia wanawake wenzake. "Mlisikia wapi njaa ya namna hii? Mtu akishashiba hula tena?"

Hakuna aliyekosa kuelewa. Wawili watatu walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Mjomba Agyapong alikohoa na kurudi kwenye habari za mahema na viti. Dufie aliziweka karanga chini taratibu. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kula baada ya mwaka mzima, na tazama alivyolipwa.

Njiani Pokuaa alijaribu kumchangamsha. "Tutapaka pilipili kwenye leso, dada. Unadhani akina Frema huwa wanalia bure? Leso yake ile ukiipikia supu haihitaji kiungo."

Kweli walijaribu. Dufie alikata vitunguu kumi na viwili, maji yakamtoka kwa macho na pua, lakini ndani kimya. Wakaishia kula supu yenye vitunguu vingi kuliko samaki, wakacheka. Pokuaa alipoondoka kwenda kulala, Dufie aliacha kucheka. Aliona wazi kwamba kidonge kimeziba machozi, na bila machozi Jumamosi ile ataingia mbele ya mama yake kama mgeni, na nje atatoka mchawi. Akakifunga kidonge cha siku hiyo ndani ya karatasi. Cha kesho yake pia. Akawa anamwambia Pokuaa, "Nimeshameza," na Pokuaa kwa kuona dada amepona hakukaa tena mlangoni.

Siku ya tatu kizunguzungu kilimpata. Kila akigeuza macho, kitu kilimtikisa kichwani kama umeme mdogo. Siku ya tano, sokoni, ganda moja la mahindi lilimchanikia mkononi, na machozi yakaja. Alifurahi! Alilia huku akijiambia yamekuja, yamekuja, mama nitakulilia. Kisha akataka kunyamaza, akashindwa. Alimlilia mteja, akalilia chenji, akalia kwa hasira kwa sababu mtu alimsalimu. Siku ya saba hakuamka. Pokuaa alimkuta amegeukia ukuta.

"Niacheni nimfuate," Dufie alisema.

Pokuaa hakungoja neno la pili. Alimpigia Ntim simu huku mkono mwingine umeshika kanga ya dada yake, kana kwamba ataruka. Ntim alifika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alivikuta vile vikaratasi saba chini ya mto, akavipanga juu ya mkeka bila kugomba.

"Nilitaka kulia," Dufie alisema.

"Umelia?"

"Nimelia."

"Umemlilia mama?"

Dufie alifikiri. Katika machozi yote yale, mama hakuwemo. Alilia tu, kama paa linavyovuja. Hapo ndipo alipowaeleza, Ntim na Pokuaa, habari ya zile sauti tatu za alfajiri. Alieleza akiutazama ukuta, na alipomaliza alingoja waondoke.

"Mlikuwa wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja," Ntim alisema, "na watu wakamwona mmoja. Kama ungemwahi, sijui. Nawe hujui, na hutajua. Lakini sitakuambia hukumsikia, maana ulimsikia."

Pokuaa alikuwa analia kimya. "Na mimi nilikuwa Kumasi nasuka watu nywele," alisema.

"Kuhusu machozi," Ntim aliendelea, "dawa hizi kwa baadhi ya watu huyapunguza kweli. Ningekwambia mapema, kosa langu. Mazishi yakipita tutatazama kipimo, au tutabadilisha, kwa utaratibu. Lakini Jumamosi usipokuwa na dawa hutaingia kwa mama yako ukilia. Hutaingia kabisa."

Akaanza tena siku hiyo, Pokuaa akarudi mlangoni. Umeme wa kichwani uliondoka baada ya siku tatu. Asubuhi ya Jumamosi Dufie aliamka mwenyewe, akaoga, akajifunga kitambaa chekundu na cheusi. Miguu ilikuwa mizito, lakini ilikuwa yake.

Chumba kilijaa wanawake. Maame Achiaa alilala mbele yao, mdogo kuliko alivyokuwa, mapete yakimpwaya vidoleni. Dufie aliingia. Nje wapigaji ngoma walisikika wakivuta viti. Aliingoja ile huzuni ipande ifike machoni. Ilipanda, ikaishia kooni.

"Mnaona," sauti ya Frema ikasema nyuma. "Macho makavu! Mbele ya mama yake aliyemzaa!"

Dufie hakugeuka. Kwetu marehemu huambiwa maneno kabla hajafungwa jenezani, salamu za kuwapelekea waliotangulia, naye aliinama hadi sikioni kwa mama yake, lakini alisema kwa sauti ya kawaida, na chumba kizima kikasikia.

"Mama, uliniita mara tatu. Nilikusikia zote tatu. Sikuja. Nilikuwa naumwa, mama, mwili ulinikataa, na nilikuwa sijui kama ni ugonjwa. Nilidhani ni roho yangu mbaya. Naomba radhi. Ukiwakuta waliotangulia wakikuuliza binti yako alikuwa wapi, waambie alikuwa chumba cha pili. Usinifiche."

Pokuaa alimshika dada yake kiunoni. Wote walingoja Frema aseme, maana maneno yale yalikuwa hukumu tayari, mshtakiwa kajishtaki mwenyewe.

Frema alisogea mbele, mzee yule, akashika ukingo wa kitanda. Alipozungumza hakuzungumza na Dufie.

"Dada," alimwambia marehemu, "mimi uliniita mwaka mzima. Ulinitumia watu. Nikasema mvua, nikasema magoti. Nyumba yangu na yako, mtu akikaanga samaki huku, kule wanasikia harufu. Sikuwa naumwa, dada. Niliogopa kukuona umepinda mdomo."

Akalia. Hakikuwa kile kilio chake cha misibani kinachosikika hadi barabarani. Kilikuwa kidogo, kibaya, cha kamasi, na leso alikuwa ameiangusha. Wanawake walioanza kumwitikia kwa vilio walisita, hawajui kama huu ndio wakati.

"Nyamazeni kwanza," Frema aliwaambia bila kuinua kichwa. "Binti hajamaliza kusema na mama yake." Akaivuta stuli iliyokuwa ukutani, akaiweka karibu na mto, akampisha Dufie.

Dufie alikaa. Macho yalikuwa bado makavu. Akaushika mkono wa mama yake, baridi ya mochwari ikampanda hadi kwenye kiwiko, hakuuachia, akaanza kumsimulia jinsi alivyougua.