Mguu wa Kulia, Mwanangu

Helikopta za kwetu mapanga yake huzunguka upande mmoja, na za kule ng'ambo nilikoomba kazi huzunguka upande wa pili. Basi! Ni hilo tu lililotaka kunizimia ndoto. Ukiinua wenzo ili upae, pua ya helikopta hutaka kugeuka, nawe huizuia kwa pedeli. Maisha yangu yote nimeizuia kwa mguu wa kushoto. Kule ni wa kulia. Mitihani ya darasani ya kubadili leseni niliipita kwa kishindo, lakini kwenye jaribio la kuruka nikakanyaga kushoto, tukazunguka kama pia, mtahini akaninyang'anya usukani. Kampuni ikanipa nafasi moja ya mwisho.

Nikarudi nyumbani nimenywea. Mama hakunipa hata pole.

"Kwa hiyo shida ni mguu tu?"

"Mguu tu, mama."

"Njoo jikoni."

Akanikalisha kwenye kigoda. Mwiko ukawa wenzo, kandambili zikawa pedeli. Tangu hapo sikupumua. Mama akiinua chochote, mfuniko wa sufuria, ndoo, mto wa kochi, anapaza sauti: "Naruka!" Nami popote nilipo nikanyage kulia. Nilikanyaga bafuni, povu machoni. Nilimkanyaga baba, aliyekuwa akijipitia zake na kikombe cha chai.

"Huyu mtoto aende tu," baba akalalama, ameshika kidole cha mguu, "atatumaliza!"

Siku ya jaribio mtahini alikuwa yuleyule, mzee mwenye masharubu. Safari hii alikaza mkanda wake mara mbili. Nikainua wenzo na kabla sijajizuia nikapayuka, "Naruka, mama!" Mguu wa kulia ukashuka wenyewe. Pua ikatulia tuli. Nilicheka kama chizi.

"Mama yuko wapi?" mzee akauliza.

"Jikoni."

Tulipotua akanipa mkono. "Msalimie. Mwambie amefaulu."

Nilimpigia mama palepale uwanjani. Alipiga kelele za furaha mpaka simu ikakwaruza.

"Unaanza lini?"

"Jumatatu. Likizo sipati mpaka mwakani, mama."

Halafu nikasikia mfuniko wa sufuria ukiinuliwa.

"Naruka," akasema taratibu.

Nilikuwa nimesimama kwenye saruji, nacheka huku nalia, na mguu wangu wa kulia ukakanyaga.