Mkono Ulioshika Aproni

Mimi ndiye niliyeipeleka ile picha New York, kwa mdomo wangu mwenyewe, na sitaki mtu mwingine asingiziwe. Naitwa Cormac Geary. Nimekuwa mlinzi katika jumba la sanaa hapa Boston kwa miaka ishirini na sita, chumba cha tisa, na kabla ya Oktoba ile hakuna aliyewahi kuniuliza chochote kazini zaidi ya vyoo viko wapi.

Oktoba ile timu yetu ya besiboli ilikutana na ya New York katika mechi saba za kuamua nani aende fainali. Anayetangulia kushinda nne ndiye huyo. Tukashinda ya kwanza, tukashinda ya pili, na ya tatu tukawapiga vibaya mno hata nikawaonea huruma, kwa kama dakika mbili hivi. Huku kwetu mtu hufundishwa kuichukia New York kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wao wana maghorofa, wana benki, wana magazeti na maigizo, na wanaamini dunia inaishia kwenye daraja lao la mwisho. Hata supu ya kome wanaitia nyanya. Sisi tuna vyuo, tuna historia, na supu yetu ni ya maziwa, kama supu ya kome inavyotakiwa kuwa. Sasa ukishawatangulia watu wa namna hiyo mechi tatu kwa bila, akili inakuruka.

Mameya wa miji yote miwili walikuwa wameshawekeana dau, kama ilivyo desturi. Atakayeshindwa atampelekea mwenzake vyakula vya kwao na kuvaa fulana ya adui mbele ya kamera. Siku hizi majumba ya sanaa nayo yana dau lao: la mji ulioshindwa linapeleka picha yake moja ikakae katika mji ulioshinda miezi mitatu. Mkurugenzi wetu alikuwa akisitasita. Asubuhi ya baada ya mechi ya tatu akashuka kwenye chumba chetu cha chai, uso umemkunjuka, akatuuliza tuwawekee New York picha gani. Wenzangu wakataja mandhari ya bahari, wakataja bakuli la matunda, vitu vya watu waoga. Mimi nikasema ukiwa na uhakika unaweka kitu kinachouma, basi wawekee Mama wa Kamba. Watu wakapiga meza kwa furaha. Mkurugenzi akapiga simu palepale, na yule mwenzake wa New York akakubali upesi kuliko tulivyotarajia.

Mama wa Kamba ni picha ya mwanamke anayeanika mashuka kwenye kamba juu ya paa, North End, mtaa wa Waitaliano hapa Boston. Upepo umeyajaza mashuka, mwanamke ameuma kibanio cha nguo kwa meno, na chini, upande wa kushoto, mkono wa mtoto umeishika aproni yake. Mtoto mwenyewe haonekani. Fremu imemkata, umebaki mkono tu hadi kwenye kiwiko, na kidole chake kidogo kimepinda kwa nje.

Mwanamke yule alikuwa mama yake Bi Philomena Iannuzzi. Bi Philomena ana miaka themanini na minane, hakuolewa, na alishona makoti kiwandani mpaka macho yakachoka. Kila Alhamisi saa nne, milango ikifunguliwa, anaingia na kofia yake ya timu ya Boston iliyopauka, anakaa kwenye benchi mbele ya mama yake, anatoa biskuti za lozi kwenye mkoba. Kula ni marufuku chumbani. Mimi hugeuka nikatazama ukuta mpaka amalize. Zamani kibao cha maelezo kando ya picha kilisema mtoto hajulikani. Bi Philomena aliandika barua kumi na moja kwa wakurugenzi watatu, akaleta cheti cha kuzaliwa, akaleta padri, hadi wakakibadilisha: sasa kinasema mkono ni wa binti yake mama huyo, Philomena. Mgeni akiuliza juu ya kidole kilichopinda, anamjibu kwamba mchoraji alikuwa amechoka. Vidole vyake yeye vimenyooka kabisa.

Kilichofuata sipendi kukisimulia. Tukapoteza ya nne. Tukasema si kitu. Tukapoteza ya tano, tukasema mwamuzi kipofu. Ya sita tukanyamaza. Ya saba niliizima redio kabla haijaisha, nikaenda kufua soksi.

Alhamisi iliyofuata Bi Philomena alikuwa ameshasoma gazeti. Hakukaa. Akasimama mbele ya picha na mkoba wake mkononi, akaniuliza ni mjinga gani aliyemchagua mama yake. Nilifikiria kumsingizia mkurugenzi, lakini yule bibi amenifahamu kabla nywele zangu hazijaingia mvi. Nikamwambia ni mimi.

Akanitazama juu hadi chini. Akasema, "Tatu kwa bila. Hata mimi ningesema hivyohivyo."

Ndipo akakaa, akanieleza hofu yake. Nilidhani ni habari ya umri, kwamba miezi mitatu kwa mtu wa miaka themanini na minane si kitu cha kuchezea. Lakini hilo alilipita kwa sentensi moja. Hofu yake ilikuwa Assunta. Assunta ni dada yake, mkubwa wake kwa miaka miwili, na ndiye ndugu pekee aliyebaki. Aliolewa na mtu wa New York, akahamia kwao, akavaa na kofia yao. Siku ya kumzika mama yao, Oktoba kama hii, timu hizi mbili zilikuwa uwanjani, na mume wa Assunta akabaki nje ya kanisa ndani ya gari akisikiliza redio. Padri yuko katikati ya sala, New York wakapata pointi, jamaa akapiga honi. Mara tatu. Bi Philomena aliapa palepale, jeneza likiwa mbele yake, kwamba hatakanyaga New York wala hatasema na Assunta tena. Hiyo ni miaka arobaini na kitu.

"Sasa mama anapelekwa hadi mlangoni kwake," akasema. "Atakwenda, atakaa kwenye benchi lao, atawaambia ule mkono ni wake. Nao watamwamini, kwa sababu ni wa kwao. Watabadilisha kibao. Mkono ukishaondoka, mwanangu, mimi nimebaki na nini?"

Nikageuka nikatazama ukuta, ingawa siku ile hakutoa biskuti.

Adhabu yangu ilikuwa imeandikwa katika makubaliano. Walioshindwa wanatoa mlinzi mmoja asimame kando ya picha wiki ya kwanza, amevaa kofia ya walioshinda. Mkurugenzi hakuhitaji kupiga kura. Kabla sijaondoka Bi Philomena alinipa maagizo: nikimwona mwanamke mwenye pua kama yake nisimsalimie, ila nimsikilize vizuri atasema nini juu ya mkono, kisha nirudi nimweleze bila kumficha neno. Nikamwahidi.

Kule nikapokewa na mlinzi mwenzangu, Yadira Polanco, mama wa makamo mwenye ulimi usiopumzika. Alinivika ile kofia kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili, akasema imenikaa vizuri, nimefanana na mtu aliyestaarabika. Mchana akaniletea supu ya kome, nyekundu, akasimama juu yangu kuhakikisha naila. Niliila yote, na sitasema ilikuwaje. Wageni walipanga foleni hadi ngazini, wengi wao wakitaka kupiga picha na mimi kuliko na Mama wa Kamba. Watoto wa shule wakaniimbia. Nilivumilia kwa sababu nilistahili.

Siku ya nne, Alhamisi, saa nne kamili, akaingia. Pua ileile. Alikuwa na fimbo ya kutembelea, na kofia ya New York iliyopauka sawasawa na ile ya mdogo wake. Akasogea hadi kwenye kibao, akakisoma polepole, midomo ikicheza. Nikajikaza. Nikasubiri aite mtu, adai, apige kelele, nipate cha kurudi nacho. Hakuita mtu. Akakaa kwenye benchi, akafungua mkoba, akatoa biskuti za lozi. Yadira akachukua hatua kwenda kumkataza. Nikamshika mkono, nikamwomba atazame ukuta. Akaguna, akageukia ukuta.

Bi Assunta alipoinua biskuti, kidole chake kidogo kilikaa kando ya vingine, kimepinda kwa nje. Nikakitazama. Nikautazama mkono ulioshika aproni. Nilihisi aibu, sijui ya nani, yangu au ya kibao.

Niliambiwa nisimsalimie, nami nikamsalimia. Nikamweleza natoka Boston, namfahamu mdogo wake. Akauliza kama Philomena bado anavaa ile kofia. Nikamwambia hajaivua. Akacheka kidogo puani, nami nikashindwa kujizuia, nikasema, "Mama, ule mkono ni wako."

Hakugeuka. "Kibao kinasema wa nani?"

"Wa Philomena."

"Basi ni wake." Akafuta makombo ya biskuti kwenye paja. "Mimi nilipata mume. Nimezaa wanne. Na yule mpiga honi nimemzika, Mungu amsamehe, alikuwa mwema siku nyingine zote. Philomena alipata nini? Alipata makoti ya watu. Mwachieni mkono wake. Na wewe ukirudi umwambie nimesema ni wake."

Akakaa mpaka adhuhuri. Alipoinuka, aliugusa ule ukuta, si picha, maana anajua taratibu, akaondoka na fimbo yake.

Nilirudi Boston nikiwa na wiki nzima ya kofia ile kichwani, na watu wa chumba cha chai hawakunihurumia. Alhamisi nikawa kituoni kwangu. Chumba cha tisa kilikuwa na ukuta mtupu, na alama mbili za skrubu zikionekana. Nilifikiri hatakuja. Saa nne kamili akaja, akakaa kwenye benchi lilelile, akiutazama ukuta mtupu kama kawaida yake.

"Alikwenda?" akauliza.

"Alikwenda."

"Akasema nini juu ya mkono? Usinifiche."

Njia nzima kwenye basi nilikuwa nimejiuliza nimweleze nini. Nilikuwa nimeahidi kutoficha neno, na kidole kile nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Mwishowe nikampa lile nililotumwa. Nikasema, "Amesema ni wako."

Wageni wawili waliingia, wakaona ukuta hauna kitu, wakatoka. Bi Philomena alivua kofia, akaiweka magotini. Sikuwahi kumwona bila kofia; nywele zake zilikuwa nyembamba sana.

"Mwongo," akasema taratibu. "Tangu utotoni mwongo, na siku zote kwa ajili yangu. Kile kidole nilikibana mimi na mlango. Nilikuwa na miaka mitatu. Alimwambia mama kwamba amejibana mwenyewe."

Nikaitazama mikono yake juu ya kofia, vidole vyote vimenyooka.

"Siku ile ya picha mimi nilikuwa chini, kitandani, nina surua," akaendelea. "Nilikuwa nawasikia juu ya paa wanacheka, mama na Assunta. Nililia niende na mimi. Hawakunisikia kwa sababu ya upepo."

Akaitazama tena ile nafasi tupu kati ya skrubu mbili. Kisha akavaa kofia, akaifunga mikanda ya mkoba wake, akanyoosha mkono nimwinue. Aliniuliza basi la New York linaondoka saa ngapi.

"Kila baada ya saa moja, mama."

"Kofia sivui."

Nikamwambia hakuna atakayemlazimisha. Nikamweleza amtafute mlinzi anayeitwa Yadira, amwambie ametumwa na Geary, na biskuti ale bila wasiwasi. Kisha nikatazama saa, nikamshika kiwiko tukaanza kushuka ngazi, kwa sababu basi la saa tano bado angeweza kuliwahi.