Benchi la Daktari wa Kiwanda

Kola zilikuwa zinapita vizuri chini ya sindano mpaka kope la kushoto la Mama Pacha liliposhuka kama pazia lililokatika kamba. Akalibandika juu kwa plasta, akaendelea kushona. Mikono nayo ilishakuwa mizito.

"Umelala tena kazini?" msimamizi alisimama nyuma yake.

"Mimi sijalala, bosi. Kope ndilo lililolala."

Wenzake walicheka chinichini. Msimamizi hakucheka. "Nenda kwa daktari wetu sasa hivi. Akisema unaumwa, nitakuhamishia kwenye kukata nyuzi, uwe unakaa na kupumzika. Akisema mzima, vua aproni. Cherehani hii ina wanaoisubiri."

Ugonjwa wenyewe aliujua. Nesi wa hospitali kubwa alikuwa amemweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Neva ikitaka msuli uvute, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kwenye msuli kuna vilango. Kemikali ikivigusa, vinafunguka, chumvi inaingia, msuli unajikunja.

"Vilango hivyo vina ndugu zao ndani ya ubongo, kwenye seli za neva," nesi alisema. "Hao ndio wavuta sigara wanaowabishia hodi kutwa kwa nikotini. Sasa vya kwako vya kwenye misuli, walinzi wa mwili wako mwenyewe wanavivunja. Ukifanya kazi, kemikali inapungua, na vilango vilivyobaki havitoshi. Ukipumzika, nguvu zinarudi."

Lakini kiwanda kilimsikiliza daktari wake tu.

Foleni ilikuwa ndefu. Bibi mfagiaji, aliyeleta magoti yake mabovu na kuketi kwenye benchi, alimwona anavyoyumba.

"Njoo mwanangu. Jilaze hapa."

"Nitakuchafua, bibi."

"Kwa lipi? Mimi na uchafu ni mtu na jirani yake. Lala."

Akamlaza mapajani, akamtoa plasta taratibu isije ikang'oa nyusi, akampepea kwa ncha ya kanga. Waliokuja wakiongea kwa sauti aliwawekea kidole mdomoni. Zamu ilipofika, alimwamsha kwa kumpapasa shavu.

Mama Pacha aliingia macho yote mawili yakiwa wazi.

"Inua mikono," daktari alisema. Ikainuka. "Tazama juu." Akatazama. "Mbona mzima kama chuma?"

"Nimetoka kulala, daktari. Niache nikae nimeinua mikono hivi kidogo tu, utaona inavyoanguka."

"Mama, nina watu nje. Siwezi kukaa hapa nikusubiri uugue."

Mkono wake mmoja ulishaanza kutetemeka, lakini daktari alikuwa anatazama mlango. "Anayefuata!"

Nje, bibi mfagiaji alikuwa amejisogeza kwenye benchi kumpisha, uso umemjaa matumaini.

"Amesemaje, mwanangu?"

Mama Pacha alifungua kamba za aproni. Zilimchukua muda, vidole vilikuwa vinakataa, na kope lilikuwa linashuka tena.

"Amesema nipumzike, bibi."

"Si unaona! Nilijua tu, kale kausingizi kangekusaidia."

"Kamenisaidia, bibi," alisema. Akaikunja aproni vizuri, akamwekea kwenye benchi, chini ya yale magoti.