Mifuko Mia Sita

Lilikuwa swali la tisa kwenye fomu, na Bonge alikuwa amelikodolea macho mpaka herufi zikaanza kucheza: "Umewahi kufungwa jela? Kama ndiyo, eleza." Eleza! Wamemwachia nusu mstari, kana kwamba miaka minne ya mtu inaenea hapo.

Jina la Bonge alilipata zamani, enzi za mashavu. Jela ilimkausha, mwili ukaisha, jina likabaki nene vilevile.

Sasa nyie mwambieni, ajibu nini? Kampuni ya kwanza aliyoomba udereva alisema ukweli, wakamwambia watampigia, na mpaka leo simu haijalia. Ya pili akasema ukweli tena, maana ana kichwa kigumu huyu, wakamsindikiza mpaka nje wakihakikisha hajagusa kitu. Ya tatu akaficha. Akapewa kazi, akapewa hata fulana ya kampuni, na asubuhi ya kuanza mtu wa ofisini akamtambua. Fulana aliivua palepale, akarudi kwa dada yake kifua wazi. Ukweli umemtupa nje, uongo umemtupa nje. Kuna kitu gani kingine cha kusema duniani, jamani?

Na kazi hii haikuwa ya kujaribu bahati. Binti yake wa miaka tisa alikuwa kwa bibi yake, maana mama mtu alishaolewa kwingine. Bibi huyo hazunguki maneno. "Mkwe, mtoto ni wako, sikunyimi," alimwambia. "Lakini simtoi hapa kumpeleka kwa mtu asiye na kazi. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Ukipata kazi kabla ya hapo, njoo umchukue. Usipopata, ataanza mwaka hapahapa kwangu." Na leo ilikuwa Alhamisi.

Bonge akaliacha swali la tisa wazi, akairudisha fomu.

Mwenye kampuni hii ya malori alikuwa mama wa makamo, miwani yake ya kusomea inaning'inia kifuani kwa kamba. Alishuka na fomu mstari kwa mstari. Kidole chake kikafika swali la tisa, kikatulia kidogo, kikaendelea. Hakuuliza. Kwa nini hakuuliza? Mtu mwingine angeshukuru. Bonge yeye aliangalia mlango uko wapi.

"Leseni yako ya magari makubwa haijamaliza mwaka," mama akasema. "Umeshaendesha nini?"

"Lori la kujifunzia, Mama."

"La kujifunzia!" Mama akacheka. "Haya, nenda na Mzee Gia. Akisema unafaa, unafaa."

Mzee Gia alikuwa dereva mkongwe wa pale, na siku hizi kazi yake ni kuwapima wageni. Walilizunguka lori pamoja: matairi, maji, mafuta, taa, breki. Kila Bonge alipogusa kitu mzee aliguna. Ni kuguna kwa kukubali au kwa kukataa? Nani ajuaye! Wakapanda. Bonge akalirudisha tela kinyumenyume katikati ya mapipa mawili, na mapipa yote yakapona. Mzee akaguna tena.

"Toka nje. Zunguka barabara kubwa, urudi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Geti la yadi lilikuwa wazi, pande zote mbili zimesukumwa mpaka ukutani. Mlinzi amekaa kwenye kibanda chake anakunywa chai. Barabarani hakuna hata baiskeli. Bonge akafika getini, akakanyaga breki, akasimama kabisa. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole vimenyooka, akasubiri.

Mlinzi akamtazama. Naye akamtazama mlinzi. Mlinzi akampungia mkono, akidhani anasalimiwa. Bonge hakusogea. Lori la nyuma yao likapiga honi.

"Unasubiri nini?" Mzee Gia akauliza.

Kweli, Bonge alikuwa anasubiri nini? Ndipo alipojigundua. Alikuwa anasubiri kuhesabiwa. Miaka minne hakupita geti, la kwenda shamba la jela wala la kurudi, bila kusimama mikono ionekane mpaka askari amhesabu na kumwambia pita. Kwa miguu alishajizoeza kupita tu. Udereva alijifunzia kwenye uwanja usio na geti. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kufika kwa mlinzi akiwa na usukani mkononi, na mwili ukafanya unachokijua.

"Miaka mingapi?" mzee akauliza, macho mbele.

"Minne."

"Mh. Mdogo wangu alitoka huko, na mpaka leo anasimama mbele ya mlango wa choo chake mwenyewe anasubiri aambiwe aingie. Haya, pita."

Waliporudi ofisini, mama akauliza, "Vipi?"

"Gia anazijua. Tela analirudisha vizuri," Mzee Gia akasema. "Na getini anasimama kwanza, anaangalia, ndipo anatoka." Uso wake ulikuwa mkavu.

Mama akapiga meza kwa furaha. "Mtu wa kusimama getini ndiye ninayemtafuta! Hawa wangu wanatoka pale kama wanafukuzwa na nyuki." Akasukuma mkataba, na kalamu juu yake.

Bonge akaishika kalamu, kichwa kikimzunguka. Mzee amemfichia au anamtega? Mama anajua au hajui? Akisaini, Jumamosi anamchukua mtoto. Na akija kutambuliwa mwezi ujao? Mtoto atolewe shule mpya arudishwe kwa bibi?

"Mama, sikusimama kwa uangalifu," akasikia mdomo wake ukisema. "Nilikuwa nasubiri kuhesabiwa. Nimetoka jela."

Mama akavaa miwani. "Kwa kosa gani?"

"Wizi. Nilikuwa mlinzi wa ghala. Ilitoka mifuko arobaini ya saruji, na mlango niliufungua mimi."

Mzee Gia akaguna, na safari hii Bonge alimwelewa vizuri sana.

Mama akauvuta mkataba, akaufungia kwenye droo. Bonge akainuka.

"Nimekwambia uondoke?"

"Hapana, Mama."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi kuna mzigo. Mifuko mia sita. Ya saruji. Utaupeleka peke yako. Ikifika yote, keshokutwa njoo tuongee."

"Tuongee kuhusu kazi, Mama?"

"Tuongee."

Nje Bonge akamshika Mzee Gia mkono. "Mzee, hapa nimepata kazi au sijapata?"

"Usiniulize mimi," mzee akasema kwa hasira. "Mimi nilikupa, wewe ukairudisha."

Bonge akampigia bibi wa mtoto, lakini aliyepokea ni binti yake mwenyewe.

"Baba! Umepata?"

"Nimepata mzigo wa kesho, mwanangu. Kazi yenyewe bado sijui."

"Kwa hiyo nipange nguo? Mara ile uliniambia nipange, nikapanga, halafu bibi akazitoa tena."

Angetaka sana kumwambia ndiyo. "Usipange," akasema. "Keshokutwa nitakupigia mimi mwenyewe, nikuambie vyovyote itakavyokuwa."



"Basi nitapanga viatu tu," mtoto akasema.