Gololi ya Mwisho

Bwana wangu Clovis alikuwa mtu wa reli. Kazi yake na ya rafiki yake Godefroid ilikuwa kupanga mabehewa pale stesheni ya Lubumbashi, mji ambao wazungu bado waliuita Elisabethville. Injini ilisukuma behewa kisha ikaliachia, nalo likaenda peke yake mpaka likutane na mengine. Clovis alisimama kule mwisho wa mstari. Godefroid alikimbia pembeni na kiatu cha chuma, wao walikiita sabo, akakilaza juu ya reli ili gurudumu likipande na behewa lisimame. Godefroid akichelewa na sabo, Clovis angekufa. Hakuchelewa hata mara moja. Ndiyo maana walipendana, na Edith wetu alipobatizwa, Godefroid ndiye aliyekuwa parrain wake, yule wa kumshika mbele ya Padri.

Jumapili moja baada ya Misa, Clovis alichukua gololi za Edith, akazipanga katika ufa mrefu wa meza yetu.

“Tazama, mutoto. Hizi zinagusana, zimesimama kimya. Sasa hii moja ninaituma.”

Akaisukuma kwa kidole. Iligonga ya kwanza, tak, ikasimama hapo hapo. Ile ya mwisho ikatoka mbio, ikaanguka chini. Za katikati hazikusogea.

“Papa, iko inakimbia na nguvu ya nani?” Edith aliuliza.

“Ya ile niliyotuma. Mwendo haupotei. Ulitoka mu hii, ukapita mu zote, ukashika ya mwisho. Ukituma polepole, itatoka polepole. Ukituma na mbio, itatoka na mbio. Haiwezi kutoka na zaidi ya kile ulichoingiza.”

“Na za katikati hazikufanya kitu?”

“Zilipitisha.”

Godefroid alikuwa anakula bukari, ndio ugali wetu, na sisi, na samaki ya Kasenga. Akacheka mpaka akaweka tonge chini. “Kazi muzuri hiyo. Unapiga mwenzako, na wewe umekaa tu.”

Mimi nikauliza jambo lililonikaa kichwani: sabo ikisimamisha behewa, ule mwendo unakwenda wapi, kama kweli haupotei? Clovis alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alisema sabo inaukabidhi reli, na reli inaukabidhi udongo. “Dunia yote inasogea kidogo, Mama Edith, lakini ni nzito mno, hauwezi kuona. Lazima kuwe na kitu cha kuupokea.”

Clovis alikufa kwa kifua, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Siku za mwisho aliweka mkono wa Edith ndani ya mkono wa Godefroid, na Godefroid alilia. Nilibaki na mtoto na nyumba ile ya upande wa Kampemba, ambayo Clovis aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Hatukuwa na kitu kingine.

Kisha Katanga ikajitenga, na sisi watu wa Kasai tukawa wageni katika mji tuliozalia watoto. Mwaka wa sitini na moja, mwezi wa nane, vijana walianza kupita mtaani na fimbo na minyororo ya baiskeli, wakitoa Wakasai majumbani. Watu wetu wakakimbilia kwenye uwanja uliolindwa na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa. Madeleine, jirani yangu tuliyesali naye rozari, alijitwika magodoro kichwani, akasimama mlangoni pangu.

“Léonie, unangojea nini?”

“Godefroid amesema tubaki.”

“Godefroid ni mutu wa hapa.”

“Ni parrain wa Edith.”

“Na Petro alikuwa nani kwa Bwana Yesu?” Madeleine alisema, akaenda zake. Hakuwa anatania.

Godefroid alikuja siku ileile, ametoka kazini, mikono ina mafuta. Alikaa kwenye kiti cha Clovis, kama siku zote.

“Mama Edith, usiende kule. Uwanjani bantu banalala chini, batoto banaharisha. Na ukitoka hapa, hauingii tena. Nyumba yenye haina mutu ni ya yule wa kwanza kufika.”

“Na bale vijana bakikuja?”

“Batanikuta mimi kwanza. Si mimi njo sabo yenu?”

Nyuma ya jiko palikuwa na kistoo cha makaa, na mlango wake ulikuwa mfupi hata Edith alipita ameinama. Godefroid alipanga kuni mbele yake kwa mikono yake mwenyewe, vizuri, mpaka ukawa ukuta wa kuni tu. Akaacha upenyo pembeni wa sisi kupita, akanionyesha gogo la kuuziba kutoka ndani. “Mukisikia kelele, muingie humu. Watageuza nyumba, watachoka, wataenda. Hakuna anayejua mulango huu ila mimi na wewe.”

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilimtaja katika sala ya jioni, kwa jina.

Walikuja mchana, jua kali. Nilisikia nyimbo zao kutoka mbali, nikamshika Edith, tukaingia, nikavuta gogo. Mle ndani niliziba mdomo wa mtoto kwa kiganja, nikahesabu Salamu Maria kwenye vidole maana rozari niliiacha kitandani. Nilingoja kusikia vyombo vinavunjika. Nilingoja kusikia kitanda kinageuzwa. Hakuna. Hawakuingia hata sebuleni. Miguu ilizunguka nyumba moja kwa moja, ikasimama mbele ya kuni, na gogo la kwanza likaondolewa.

“Toka, mama. Tunajua muko humu.”

Walitusukuma mpaka barabarani. Edith aliangukia mawe, kidevu kikapasuka. Nilipomwinua, nikaona pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, imesimama karibu na lango letu, na juu yake kitanda cha chuma na sufuria. Aliyekuwa anaishika ni André, mdogo wake Godefroid. Aliona kwamba nimemwona, akageukia upande wa gurudumu kama mtu anayetafuta msumari.

Godefroid hakuwapo.

Katika kambi nililala chini kama alivyosema, na watoto waliharisha kama alivyosema. Sikumsema vibaya kwa mtu. Madeleine alipouliza, nilimwambia ngoja, labda atakuja kueleza. Niliweka mahali pake wazi miezi yote ile, na hakuja.

Mwaka uliofuata ONU ilitupakia kwenye treni kurudi Kasai, nchi ambayo Edith alikuwa hajaiona. Tulipewa nafasi katika behewa la nyuma kabisa. Nilikuwa dirishani, Edith pembeni yangu, nikamwona Godefroid anakuja kando ya reli na bendera yake ya kazi chini ya kwapa. Alikuwa anatazama madirisha, moja baada ya jingine. Alipofika kwetu alivua kofia.

“Mama Edith.”

“Tata Godefroid.”

“Mutoto amekomaa.” Akaona kovu la kidevuni, akashusha macho. “Siku ile nilikuwa kazini. Uliza yeyote.”

“Najua ulikuwa kazini.”

“Ule mulango sikusema kwa mutu. Nilisema kwa Delphine tu, ni muke wangu, atakosa kujua? Delphine akasema kwa mudogo wake Jeannot, anatembea na bale vijana, ili apitishe benzake mbali. Sasa Jeannot, unamujua, kinywa chake. Mimi nilisimama tu pahali pangu, Mama Edith. Sikusukuma mutu.”

Alisema haya kwa sauti ya kuomba, na nadhani aliyasema mara nyingi peke yake kabla ya kuja. Nilimtazama mtu aliyekula kwenye meza yangu.

“Unakumbuka gololi za Clovis?”

Akatazama magurudumu ya behewa.

“Wewe ni ya katikati, Delphine ya katikati, Jeannot ya katikati. Muzuri. Ya kwanza alituma nani?”

“Hakuna aliyetuma. Ni neno lilianguka.”

“Neno likianguka, linafika polepole. Wangetafuta nyumba yote, wangechoka, wangeenda, si ulisema mwenyewe? Sisi tulitoka na mbio yote, Godefroid. Walikuja moja kwa moja kwenye kuni ulizopanga, na kitanda cha André kilikuwa kimefika langoni. Kile kilichotupiga ni kile kilichoingizwa.”

Alikunja kofia. Filimbi ililia kule mbele, akatazama upande ule, akarudi.

“André alikuwa analala ku baraza yangu na muke wake na batoto,” alisema polepole. “Wakasai bote walikuwa banaenda. Ile nyumba, ungeipoteza tu.”

Basi. Nilikuwa nimengoja neno moja miezi yote, nalo ndilo hili.

Alinyanyua mkono mpaka dirishani. “Edith, mutoto wangu, nipe mukono. Parrain akubariki.”

Edith alinitazama. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka, kwa mazoea. Niliuchukua, nikauweka juu ya mapaja yangu, nikauacha chini ya wa kwangu.

“Clovis alikupa mukono huu,” nikasema. “Ninaurudisha kwangu. Nitakuombea kwa Mungu, kwa sababu nimeamriwa. Lakini mutoto huyu hana parrain Lubumbashi.”

Alisimama na mkono hewani mpaka mwenzake akamwita kwa hasira, Godefroid, bendera. Akarudi nyuma, akaiinua.

Injini ilivuta. Nilijua kitakachofuata, mke wa mtu wa reli anajua. Kule mbele kabisa chuma kiligonga chuma, kisha behewa la pili, la tatu, mstuko unakuja kwetu tak, tak, tak, na watu wamesimama na vikombe mkononi, hawajui. Nilimkumbatia Edith, nikageuza mgongo wangu upande wa ubao. Mstuko ulipofika ulinibamiza mbavu, nikauma ulimi.

“Mama, kumetokea nini?”

Yeye hakuusikia.

“Tumeondoka,” nikamwambia.